Kusimama Kunataka Nafasi

Nikimwambia mtu kwamba mimi husoma ripoti za ajali za ndege jinsi wengine wanavyosoma riwaya, swali huwa ni lile lile: kwani huogopi kupanda? Kuogopa naogopa, kama kila mtu. Tofauti ni kwamba ripoti hizo zimenibadilishia mahali pa kuogopa. Watu wengi huogopa angani, ndege ikitikiswa na mawingu. Mimi moyo hunidunda bado tuko chini, injini zimenguruma, kiti kinanisukuma mgongoni, na taa za pembeni zinapita kwa kasi. Hapo ndipo ndege huwa nzito kuliko wakati mwingine wote wa safari. Imejaa mafuta, imejaa watu, na inakimbia juu ya kipande cha lami chenye mwisho.

Kabla ya mbio hizo kuanza, marubani wawili huwa wameshakubaliana kuhusu namba moja. Wenyewe huiita V1. Ni mwendo fulani, na hukokotolewa upya kila safari kwa kuangalia uzito wa ndege, joto la siku hiyo, upepo, urefu wa njia ya kurukia, na kama lami imelowa au ni kavu. Ndege ikiwa bado chini ya mwendo huo, injini ikiharibika, unasimama. Ukishaupita, hausimami tena hata injini moja ikifa, kwa sababu lami iliyobaki mbele haikutoshi. Unaenda nayo juu kwa injini iliyobaki, unazunguka, unarudi kutua. Ndege za abiria za injini mbili hutengenezwa ziweze kufanya hivyo.

Kuna jambo dogo hapo ambalo hunivutia. Wakati wa mbio, nahodha huweka mkono kwenye vishikio vya nguvu za injini ili aweze kuvirudisha nyuma mara moja. V1 ikitajwa, anautoa mkono. Anautoa makusudi, ili woga usije ukamwamulia. Kuanzia hapo mjadala umekwisha.

Kwa hiyo muda wa kuamua ni mfupi ajabu, sekunde moja au mbili. Na kusimama kwenyewe si mchezo. Mwendo wa gari au ndege ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kumeza huongezeka mara nne. Dere wa mathree anayejua Thika Road anaifahamu hesabu hii bila kuiandika mahali. Sasa mwondoe na nganya yake ya tani chache, mweke kwenye ndege ya tani 50.

Hadithi zinazosimuliwa kuhusu jambo hili huishia hapo: rubani aliona, akaamua, watu wakapona au wakafa. Tunapenda hadithi ya mtu mmoja na sekunde mbili. Mimi nimezisoma ripoti hizi kiasi cha kuanza kuishuku hadithi hiyo. Rubani anaweza kuamua sawa kabisa na watu bado wafe, kwa sababu kusimama kunataka nafasi, na nafasi hiyo huwa imepangwa na watu wengine, miaka mingi nyuma, ofisini, bila king'ora chochote kulia. Nitaeleza kwa ndege mbili. Moja ilisimama ikiwa na lami ya kutosha lakini ndani yake hakukuwa na nafasi. Nyingine ilikosa nafasi nje.

*

Ya kwanza ni Boeing 737 ya kampuni ya British Airtours. Asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1985 ilikuwa ikiondoka Manchester, Uingereza, kwenda kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Abiria 131, wengi wao wakienda likizo ya kiangazi, na wafanyakazi 6. Saa moja na dakika chache asubuhi, ikaanza mbio.

Ilikuwa imefika kilomita 230 hivi kwa saa marubani waliposikia kishindo. Hawakuwa wamefika V1. Nahodha akaamuru wasimame, na injini zikageuzwa nguvu kurudisha nyuma. Alidhani ni gurudumu limepasuka, au ndege imegonga ndege, yaani yule wa manyoya. Akamwambia mwenzake asikanyage breki kwa nguvu sana, kwa sababu gurudumu lililopasuka halipendi breki kali. Kwa alichokijua wakati huo, kila alichofanya kilikuwa sawa. Ndege ilipungua mwendo vizuri, lami ilikuwa bado ipo mbele, na akaikunjisha kulia kuingia kwenye njia ya pembeni ili kuachia njia kuu.

Asichokijua ni kwamba ubawa wa kushoto ulikuwa ukiwaka.

Injini ya aina ile ina mikebe tisa ya chuma iliyopangwa kwa mviringo. Ndani ya mikebe hiyo mafuta hukutana na hewa na kuwaka. Mkebe mmoja, ule wa tisa, ulikuwa umewahi kupata ufa na kuchomelewa mwaka wa 1983. Ukapasuka tena. Hewa ya moto ikapiga ganda la injini kwa ndani, ganda likachanika, na kipande cha mkebe kikaruka nje. Kikagonga kifuniko cha tangi la mafuta chini ya ubawa. Wachunguzi walipokipima kifuniko hicho walikuta nguvu yake ya kuhimili pigo ni kama robo tu ya ile ya bati la ubawa lililokizunguka. Kikavunjika. Mafuta yakamwagika juu ya injini inayowaka.

Halafu injini ile haikuwa imenyamaza kabla ya siku hiyo. Marubani waliotangulia walikuwa wameandika kwenye daftari la ndege kwamba inachelewa kupata nguvu. Mafundi walishughulikia malalamiko hayo kwa marekebisho ya kawaida. Hakuna aliyeyaunganisha na mkebe uliopasuka, kwa sababu mwongozo waliokuwa nao haukuwaelekeza huko.

Ndege ilipokunja kulia, upepo mwepesi uliokuwa ukitoka mbele sasa ukawa unatoka kushoto. Ukausukuma moto wa ubawa moja kwa moja kwenye mwili wa ndege. Bati la aluminiamu likayeyuka chini ya dakika moja. Moshi mweusi wa mafuta, wa viti na wa plastiki ukaingia kutokea nyuma.

Hadi hapo unaweza kusema bado watu wana nafasi. Ndege imesimama. Iko uwanjani, si porini. Magari ya zimamoto yalifika ndani ya dakika moja. Ndege za aina hii hukubaliwa kufanya kazi baada ya majaribio kuonyesha kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa kutumia nusu tu ya milango. Kwenye karatasi, Manchester ilikuwa ajali ambayo karibu kila mtu angetoka.

Lakini mlango wa mbele kulia ulikwama ulipokuwa ukifunguliwa. Mhudumu mkuu akaenda kufungua wa kushoto, kisha akarudi kuuhangaikia ule wa kwanza hadi ukafunguka, zaidi ya dakika moja baada ya ndege kusimama. Milango ya nyuma haikumwokoa mtu. Huko ndiko moto ulikokuwa, na huko ndiko walikofia wahudumu wawili, Sharon Ford na Jacqueline Urbanski. Baadaye walitunukiwa nishani ya ushujaa ya Malkia pamoja na wenzao wawili wa mbele waliopona.

Ili kuifikia milango ya mbele, abiria walipaswa kupita katikati ya kuta mbili za jikoni la ndege. Nafasi kati ya kuta hizo ilikuwa sentimita 57. Mlango wa kawaida wa chumba cha kulala ni mpana kuliko hapo. Watu walifika wakiwa wengi kwa pamoja, wakabanana, wakakwama. Mmoja wa wahudumu alilazimika kuwavuta mmoja mmoja ili mkondo uanze kusonga.

Katikati, juu ya ubawa wa kulia, kulikuwa na dirisha la dharura. Aliyeketi pembeni yake alikuwa abiria tu, hakuwahi kuonyeshwa lolote. Alivuta alichodhani ni kishikio, kumbe ni mkono wa kiti. Mwenzake akanyoosha mkono na kuvuta kishikio chenyewe, na dirisha, lenye uzito wa kilo 22 hivi, karibu nusu mfuko wa simiti, likamwangukia yule wa kwanza mapajani. Ilibidi abiria wengine walinyanyue na kulitupa juu ya viti. Zilikuwa zimepita sekunde 45 hivi tangu ndege isimame. Na hata likiwa wazi, kulifikia kulimaanisha kujipenyeza kati ya safu za viti zilizosongamana.

Walikufa watu 55. Moto wenyewe haukuwaua wengi wao. Watu 48 walikufa kwa moshi na gesi zake. Wengine walikutwa wamelundikana kwenye ujia, mita chache kutoka kwenye mlango uliokuwa wazi.

Nikiisoma ripoti ya Manchester najiuliza: ni nani hasa aliyeamua mambo siku ile? Nahodha aliamua kwa sekunde moja, na uamuzi wa kusimama ulikuwa sahihi. Lakini kuna mtu aliyechora sentimita 57. Kuna mtu aliyeamua kifuniko cha tangi kinaweza kuwa dhaifu kuliko ubawa. Kuna mtu aliyeamua kwamba abiria wa karibu na dirisha la dharura hahitaji kuambiwa kitu. Hao wote walikuwa na miaka ya kufikiria. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Waliipima ndege wakiwa wamewaza watu watulivu wanaopanga foleni.

Foleni ndiyo iliyomshughulisha Helen Muir, mwanasaikolojia wa Cranfield, Uingereza. Baada ya Manchester alichukua ndege kuukuu iliyoegeshwa, akaijaza watu wa kujitolea, akawaambia watoke. Walitoka kwa adabu. Kisha akaongeza kitu kimoja: nusu ya kwanza kutoka wangelipwa pauni 5 za ziada. Pauni tano tu! Watu wakaanza kuruka viti, kusukumana, kukanyagana, na pale kwenye nafasi nyembamba wakakwama kama walivyokwama Manchester. Yeyote aliyewahi kungoja mathree pale Odeon mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni haoni ajabu yoyote katika matokeo hayo. Lakini mtu alikuwa hajayapima. Muir alipopanua nafasi ile hadi sentimita 76 hivi, watu wakapita.

Mambo yakabadilika. Zile taa ndogo sakafuni zinazokuonyesha njia moshi ukijaa, vitambaa vya viti visivyoshika moto haraka, nafasi zaidi kando ya dirisha la dharura, na yule mhudumu anayekuinamia kukuuliza kama uko tayari kusaidia kufungua, vyote hivyo vilipata nguvu kutokana na Manchester. Kwenye Boeing 737 za kizazi kilichofuata, dirisha la ubawani halikuangukii tena. Limefungwa bawaba juu na hufunguka kwenda nje. Marubani nao hufundishwa kufikiria upepo kabla ya kukunja ndege inayoweza kuwa inaungua.

Si kila kitu kilikubaliwa. Waliopona na jamaa za waliokufa walipigania abiria wapewe barakoa za kuzuia moshi, na mpaka leo hatupewi. Lakini walisikilizwa. Walikuwa na majina, walikuwa na tiketi, walikuwa na wabunge wa kuandikia barua, na serikali yao ilikuwa na ofisi ya uchunguzi iliyoandika ripoti nene na kuiweka hadharani. Ndiyo maana mimi, nikiwa Nairobi, ninaweza kuhesabu sentimita za mlango wa ndege iliyoungua mwaka wa 1985.

*

Ndege ya pili imeniuma zaidi, pengine kwa sababu ya jina lake. Ilikuwa ya shirika lililoitwa Hewa Bora.

Jina la Kiswahili, kwa ndege iliyokuwa ikipaa kutoka Goma, mji ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya matusi. Ukitoka Nairobi ukafika Goma utaelewana na watu, ingawa watakucheka kidogo. Ni mji wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba viazi na makaa. Umekaa kati ya Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo, mlima ambao haujawahi kulala usingizi mzito.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Uji wa moto ukashuka, ukapita katikati ya mji hadi ziwani, na ukiwa njiani ukafunika mwisho wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege. Njia iliyokuwa na urefu wa kilomita tatu hivi ikabaki na kilomita mbili. Uji ulipopoa ukageuka mwamba mweusi, na mwamba huo ukabaki pale pale.

Kilomita mbili ni nyingi au ni chache? Inategemea uko wapi. Manchester iko karibu na usawa wa bahari. Goma iko mita 1,500 hivi juu yake. Hewa ya juu ni nyepesi, injini hupata nguvu pungufu, na mabawa hudai mwendo mkubwa zaidi ili yainue mzigo ule ule. Ndiyo sababu njia ya kurukia pale Embakasi ina zaidi ya kilomita nne. Nairobi nayo iko juu, na waliojenga walijua wanapojenga. Kwa hiyo Goma, mahali penye kuhitaji lami ndefu, ilikuwa imenyang'anywa theluthi ya lami.

Upande wa kaskazini kulikuwa na mwamba. Upande wa kusini kulikuwa na mji, na karibu kabisa na uwanja kulikuwa na Birere, mtaa wa biashara, maduka na nyumba za mbao zilizobanana.

Tarehe 15 Aprili 2008, mchana, DC-9 ya Hewa Bora ilianza mbio kuelekea kusini. Ilikuwa inakwenda Kisangani, kisha Kinshasa. Injini ikapata hitilafu. Marubani wakajaribu kusimama. Lami ikaisha kabla ndege haijasimama, ikaingia Birere, ikawaka moto.

Habari za kwanza zilisema karibu abiria wote wamekufa. Kumbe abiria wengi walitoka wakiwa hai. Hebu fikiria hilo ukikumbuka Manchester. Ndege imetoka nje ya uwanja, imepiga majengo, inaungua, na bado wengi wa waliokuwa ndani wanatoka. Waliokufa walikuwa watu 40 hivi, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa dukani, nyumbani, barabarani. Hawakununua tiketi. Hawakufunga mkanda. Hawakuonyeshwa mlango wa dharura, maana Birere haina mlango wa dharura.

Ndege huwa na orodha ya abiria. Ikianguka, mtu huenda ofisini akachukua karatasi akasoma majina. Soko halina orodha. Aliyekuwa akipita na chukudu yake, mtoto aliyetumwa chumvi, mteja aliyesimama kuuliza bei akasonga mbele, hao hujulikana tu kwa wanaowangoja jioni nyumbani.

Sasa piga hesabu ndogo. Tangu mwamba ulipofunika njia ya Goma hadi ndege ile ilipoingia Birere, zilipita siku 2,280. Rubani alipewa sekunde mbili. Wenye uwanja, wenye kutoa leseni, wenye kuruhusu ndege kubwa za abiria zitumie lami iliyokatwa, walikuwa na siku 2,280.

Najua jibu litakalokuja, na si jibu la kijinga. Mwaka wa 2002 Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Nchi ilikuwa vitani, kisha katika serikali ya mpito, kisha vitani tena huko huko mashariki. Nani angeleta matingatinga kuchimba mwamba? Barabara za kwenda Kinshasa hazipitiki, kwa hiyo mji ulihitaji ndege zitue, lami ndefu au fupi. Kufunga uwanja kungekuwa kuukaba mji koo. Nalikubali hilo lote. Nisichokikubali ni namna hatari inavyogawanywa katika mpango kama huo. Faida ya uwanja kuendelea kufanya kazi ilikwenda kwa wengi: wafanyabiashara, mashirika ya misaada, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, abiria, serikali. Deni la lami iliyopungua liliandikwa kwa jina la Birere, na Birere hawakuitwa kwenye kikao.

Wala haikuwa mara ya kwanza Kongo kuona jambo hilo. Januari 1996, jijini Kinshasa, ndege ya mizigo iliyozidishiwa uzito ilishindwa kupaa katika uwanja wa N'Dolo, ikapita mwisho wa lami na kuingia katika soko la Simbazikita. Mamia walikufa sokoni. Ile haikuwa injini, ilikuwa uzito, lakini ramani ni moja: lami, kisha ukuta, kisha mama mwenye meza ya nyanya.

Na baada ya Birere? Novemba 2009, mwaka mmoja na nusu baadaye, ndege nyingine ya abiria ilitua Goma kuelekea kaskazini, ikashindwa kusimama, ikajikwamisha kwenye mwamba ule ule wa 2002. Mwaka wa 2015 ndipo Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 52 za kuufanya uwanja wa Goma uwe salama zaidi. Hewa Bora wenyewe walipata ajali nyingine kubwa Kisangani, Julai 2011, wakanyang'anywa ruhusa ya kuruka. Na Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja ukafungwa.

*

Siandiki haya ili kumkejeli Mkongo. Sisi nasi tuna mahali petu pa kutazama. Wilson, hapa Nairobi, ilikuwa pembeni mwa mji ilipoanzishwa. Leo mji umeizingira, na kwa miaka mingi wakuu wa usafiri wa anga wamekuwa wakilalamikia majengo marefu yanayochipuka kwenye njia ya ndege zinazopaa na kutua. Kila jengo la aina hiyo lina mtu aliyepiga muhuri. Huyo mtu hatakuwa kwenye usukani siku injini ya ndege fulani itakapokohoa. Labda atakuwa amestaafu, anafuga kuku Kitengela, anatazama habari, anasema masikini, rubani alikosea nini?

Hilo ndilo swali ninaloomba tulizoee kwa namna nyingine. Ndege ikishindwa kusimama, vyombo vya habari hukimbilia kwa rubani, na ni haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa pale. Lakini uliza pia mwisho wa lami ulikuwa wapi, na nani aliusogeza. Uliza nyuma ya ukuta kulikuwa na nini, na nani alipewa kibali cha kukaa hapo, au nani hakupewa kibali lakini hakuwa na pengine pa kwenda. Uliza nafasi ya kupita ilikuwa sentimita ngapi. Maswali haya hayana msisimko, hayaingii kwenye klipu ya sekunde 15. Lakini ndiyo yaliyowapa abiria wa leo taa za sakafuni na dirisha lisilomwangukia mtu.

Halafu si ya ndege peke yake. Mtaani kwetu tunajenga jumba la ghorofa saba lenye ngazi moja, tena ngazi yenyewe imeegeshwa pikipiki. Tunaweka madirisha yenye vyuma visivyofunguka kwa sababu ya wezi. Bweni linafungwa kwa kufuli kutoka nje ili wanafunzi wasitoroke. Siku moshi ukiingia, kutakuwa na mlinzi mmoja anayetafuta funguo gizani, na kesho yake jina lake ndilo litakalokuwa gazetini.

Mhudumu akifika kwenye kiti changu kando ya dirisha la dharura na kuniuliza kama niko tayari kusaidia, mimi hujibu ndiyo kwa sauti. Naangalia kishikio kiko wapi, nahesabu viti hadi mlango wa karibu. Wenzangu huniona mshamba. Sawa tu. Kuna watu 55 waliolipa ili niulizwe swali hilo. Wale 40 wa Goma walilipa bei ile ile, na upande wa pili wa ukuta wa uwanja bado hakuna anayeulizwa kitu.